Njia ya Kushoto, Shimo la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi nyumbani na hasira mpaka kichwa kinagonga. Mwenyekiti wa klabu ya gofu ameuona mchoro wangu wa shimo la saba la uwanja mpya, kasema rahisi mno. Anataka bwawa mbele ya grini, ile nyasi fupi yenye kishimo chenyewe, toka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, lipendeze kwenye picha. Nikamweleza: shimo zuri la gofu lina njia mbili. Mwenye nguvu avuke juu ya hatari. Asiye na nguvu azunguke kushoto, apoteze pigo moja, lakini afike.

Eti asiye na nguvu akacheze karata.

Karata! Na kitambi chote kile.

Jumatano, 5 Machi

Dada Mkubwa alikuja saiti. Tangu augue, mkono wa kulia hauna nguvu – mpira wake unakwenda chini chini, hauvuki hata dimbwi. Uwanja wa zamani ulimshinda, akaacha kucheza. Njia ya kushoto nilimchorea yeye. Leo ameitembea yote, akasimama penye mteremko, akasema hapa mpira utajiviringisha wenyewe. Ndiyo. Ardhi ilivyo inatosha, sikuhamisha hata toroli moja la udongo.

Habari za bwawa sikumwambia. Najichukia.

Alhamisi, 6 Machi

Kamati imepitisha bwawa. Wote hewala bwana, hewala bwana. Mweka hazina, ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu, kanifundisha kazi: uwanja mzuri ni ule mgumu. Nikamwambia ugumu hata mjinga anaujenga, mpe koleo tu. Nikaambiwa nichunge ulimi.

Ijumaa, 7 Machi

Tingatinga limefika. Vigingi vya bwawa vimepigwa. Mwenyekiti naye yupo, kofia mpya, kaja na mpiga picha. Ataanza yeye kuvusha mpira, ndipo wachimbe.

Wa kwanza ukaanguka katikati ya vigingi. Wa pili vilevile. Wa tatu ukaishia vichakani, wakautafuta wakachoka.

Nikadhani sasa atazinduka. Thubutu! Kafuta jasho, kasingizia upepo, kisha kaagiza sehemu ya kuanzia isogezwe mbele. Mpaka pale anapoweza yeye. Na ile sehemu ya kuanzia ya mbele kabisa, niliyowawekea wasio na nguvu kama dada yangu, iondolewe – nafasi haitatosha.

Nimekwenda nikakaa chini, katikati ya hiyo ya mbele. Naandika hapa hapa, nyasi zimenilowesha sketi. Mwenyekiti yuko kwenye simu, anatafuta wa kuniondoa. Dereva wa tingatinga kazima injini, kaja kwa adabu: "Samahani dada, umepumzika au umegoma?"

Nimegoma, nimemwambia. Karudi, kapanda tingatinga lake, kafungua chakula chake.

Kule getini namwona Dada Mkubwa. Ana fimbo begani, bega la kushoto. Amekuja kuijaribu njia yake, habari za bwawa bado hajui. Ananipungia mkono –