Ghala la Mama Mkwe

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Otonglo hatujambo, na shangazi yako amejifungua msichana. Umeniuliza kuhusu wabunge wanaobishana kama mume na mke watozwe kodi pamoja au kila mtu peke yake.

Nilipokuwa mwalimu kijana, serikali iliuhesabu mshahara wangu kuwa mapato ya babu yako na kuutoza kodi kwa jina lake. Basi siku moja babu yako akamwambia mama yake kwamba, kwa hiyo, mshahara wangu ni mali yake yeye. Mama mkwe akamwonyesha ghala lake mwenyewe la mahindi.

"Baba yako amewahi kulifungua hili?"

"Hapana, Mama. Mume hafungui ghala la mkewe."

"Na wewe umewahi kulala njaa?"

Babu yako akarudi nyumbani, na mshahara wangu hakuudai tena.

Wabunge wakishaamua, nijulishe. Ghala langu limejaa, na babu yako akitaka mahindi bado huniomba.

Nyanya yako