Filamu Aliyonichagulia Safari

Jumapili, Karatu

Na waichome moto ile filamu. Marafiki wawili wanataniana saa nzima, wanagombana kidogo, halafu mvua inanyesha, wanakumbatiana, na watu wote kwenye kibanda cha video wanapiga makofi kama wajinga.

Filamu ilipoisha, Safari akasimama mbele za watu. Safari huyu niliyekaa naye dawati moja kule Kansay, aliyenibeba mgongoni siku nilipovunjika mguu. "Neema, wale ni mimi na wewe," akasema. "Nije kwenu nizungumze na wazee?"

Watu wakashangilia. Nikasema hapana.

Akanifuata mpaka barabarani. "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unanipotezea muda?"

"Nilikuwa rafiki yako, Safari."

"Marafiki ninao wengi," akasema, akawasha pikipiki, akaniacha kwenye vumbi.

Kupotezewa muda! Siku za msiba wa baba alilala kwetu wiki nzima. Kumbe alikuwa anasubiri malipo?

Nina hasira naye. Na jambo likinikera hivi, mtu wa kwanza kumsimulia ni Safari, naye hunichekesha mpaka...

Sasa namsimulia nani?