Usinipigie Tena

Dada yangu,

Natumai karatasi hii imekukuta salama. Mimi sijambo, hata kitambi kimeanza. Yule mdogo wako uliyempa simu mbovu aichokonoe, akajifunzia hapo hapo bila kukanyaga darasa la kompyuta, leo ana ofisi yenye kiyoyozi. Wenzangu wanaitwa mainjinia. Mlangoni kwangu wameandika "Fundi". Niliwahi kumuuliza bosi kwa nini alinichukua mimi nisiye na cheti. Akacheka. "Mwenye cheti ana pa kwenda," akasema.

Aliniagiza nitengeneze mtambo wa kusikiliza simu za wezi, nami kwa ujuaji wangu nikautengeneza ukakubali. Kwa hiyo usinipigie tena. Ukiwa na neno, liandike, umpe shemeji aniletee mkononi.

Nimefurahi kikohozi cha mama kimepungua. Najua hukuniambia. Jana bosi alinipa namba za hao wezi nizijaribu. Nikavaa hedifoni, nikakusikia ukimweleza shangazi habari za dawa. Nikadhani nimekosea kubonyeza, nikaangalia tena. Namba ni yako, dada, na kando yake wameandika: "Ndugu wa Fundi."

Ni mimi,
mdogo wako