Viganja Nilivyovipangusa

Wambui mjukuu wangu,

Huku Uthiru sote tu wazima, na guka wako, huyu mume wangu, bado anagombana na kuku wa jirani. Umeniuliza kama msichana aliyeokoka anaweza kupokea baraka ya mate kabla ya harusi yake.

Asubuhi niliyoondoka kwenda chuo cha Biblia, nyanya yangu alinitemea mate kidogo viganjani, kama wazee wetu walivyobariki. Nikayapangusa kwenye sketi mbele yake.

"Cucu, mimi nimeokoka!"

Akacheka. "Na yule kipofu, Yesu alimpaka nini machoni? Manukato, au mate yake?"

Nimefundisha theolojia miaka mingi, na sijapata jibu la kumshinda. Alifariki kabla sijarudi kumpa mikono yangu tena.

Ukija, niletee viganja vyako. Ukitaka kuvipangusa, nitaangalia pembeni.

Cucu wako anayekupenda