Ngome ya Kwao Bi Salma

Dada Mwajuma, shikamoo. Kadi hii isome peke yako, hata mama usimwambie. Ndiyo maana nimeitia kwenye bahasha.

Bagamoyo mvua haikatiki. Mkuu wangu amehamishwa, na mkuu mpya anataka kesho kikaoni niseme kwamba yule wa zamani alikuwa mwizi. Sikuwahi kumwona akiiba. Nikikataa, huenda nikapoteza kazi.

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Salma, mama wa Kiunguja anayeuza vitumbua karibu na soko la samaki.

"Karani, mbona unakitazama kitumbua kama kina sumu?"

Nikamweleza. Akacheka.

"Kwetu kuna ngome. Mreno alisali pale, Mwarabu akaweka askari, Mwingereza akacheza tenisi. Sasa binti yangu anauza vikoi humo humo. Kila aliyeingia alitaka tumtukane aliyetoka."

"Mkamtukana?"

"Wapo waliomtukana. Lakini wakubwa waliondoka, wajukuu zao wakabaki, na mmoja kamwoa binti yangu. Ningekula naye sahani moja kwa uso gani?"

Mke wa mkuu wa zamani hajahama. Anakaa nyuma ya ofisi, na watoto wake hunipa shikamoo kila siku. Kesho nitasema sikuona wizi. Naogopa sana, dada. Niombee, na wanao nibusie.

Usinipigie simu ya ofisini. Shemeji akija kununua samaki, ujumbe auache kwa Bi Salma, aseme ni wa karani. Jina langu asilitaje.