Joto Ndani ya Gunia la Mbegu

Jumanne, 8 Februari 1977
Nimefungua ghala saa moja, kama kawaida. Nimefagia. Magunia ishirini na mawili ya mbegu ya ngano, kamili. Nimeingiza mkono katika gunia la ukutani kuangalia fukusi. Mkono umekuta joto. Na harufu ya uvundo.
Bati linavuja pale. Niliona tangu Krismasi, nikaacha. Dirisha nililiziba mwenyewe kwa sababu ya panya.
Nimefunga punje ishirini katika kitambaa chenye maji. Bwana shamba alitufundisha kupima hivyo, kabla hajahamishiwa Usevya.

Alhamisi, 10 Februari
Hakuna iliyoota. Najua ni mapema.

Jumamosi, 12 Februari
Nimefungua kitambaa mara nne. Punje mbili tu zina mzizi. Nyingine zimevimba, ukibonyeza zinatoa ute.
Naogopa. Familia za makazi haya ya wakimbizi zilivuka kutoka Burundi bila kitu. Mahindi yao yameliwa na viwavi. Wamebaki na ngano hii, ya kupanda mwezi wa tatu kule mlimani penye baridi. Na mtunza ghala ni mimi.

Jumatatu, 14 Februari
Wazo baya. Ninyamaze, nigawe magunia. Isipoota watalaumu mvua.
Alasiri amekuja Mama Espe, mjane, jirani yangu. Viganja vimejaa malengelenge. Amelima kipande chake peke yake.
"Dada, mbegu zetu nzima?"
"Nzima, mama."
Amemshukuru Mungu mbele yangu. Chakula cha jioni nimekiacha sufuriani.

Jumatano, 16 Februari
Nimekwenda kwa mwenyekiti wa makazi, Mzee Zakaria, kabla sijabadili nia. Nimesema yote: bati, dirisha, joto, kitambaa. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Ungekuja Krismasi, mwanangu." Basi. Bora angenipiga.
Mkutano kesho.

Alhamisi, 17 Februari
Wamefoka. Mmoja amesema mimi mhujumu, nipelekwe polisi Mpanda. Nikashika meza. Mama Espe akasimama. Nilijua atanitaja.
"Jumatatu aliniambia ni nzima," alisema. "Leo amesema kweli, na hatujapanda bado. Nyie, tupime kila gunia."
Hakunitazama.

Jumatano, 23 Februari
Vitambaa vimefunguliwa mbele ya watu wote. Magunia saba yameota vizuri, yale ya karibu na mlango, yaliyokaa juu ya mbao. Kumi na matano yamekufa. Mama mmoja amekaa chini palepale, kitambaa mkononi.
Watagawana hayo saba. Sehemu ya shamba iliyobaki watatia viazi. Ghala kapewa mtu mwingine. Polisi hakuna aliyewataja tena, lakini kila nikisikia gari nasimama.

Jumatatu, 21 Machi
Nimepanda mlimani. Nilikuwa sijathubutu. Ngano imetoka, kipande kidogo kwa kila familia, halafu udongo mtupu. Mama Espe alikuwa anapanda viazi. Hakuniita. Nimeanza kupanda upande wa pili wa tuta. Tumefanya kazi mpaka jua likawa kali. Tukakutana katikati.
Wakati wa kushuka amenipa fungu la matembele. Nimeyapika. Nimekula yote.