Kipa Anayefundishwa Kufunga

Jumanne, 18 Februari

Nimempokea Mromania wangu Baiyun, uwanja wa ndege. Codrin. Miaka ishirini na mbili, golikipa, mrefu mpaka kwenye metro watu wanatupiga picha bila hata kujificha. Mimi nimfasirie Kichina mpaka asaini mkataba, basi. Kazi nimepewa na Laobani Liang, bosi wa vitambaa kule Zhongda ambaye nikitoka chuo huwa nawatafsiria Wabongo dukani kwake. Siku hizi eti ni wakala wa wachezaji. Haya!

Njia nzima Codrin anaongea, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Kwao Brăila, mji wa mtoni. Anadaka tangu mtoto. Akachukuliwa na klabu kubwa ya Bucharest, akakaa benchi misimu mitatu. Sasa anataka kucheza tu, popote. Amevunja mkataba kule ili aje huku, na nafasi yake kashapewa mwingine. Nikamwambia usijali, hapa utacheza mpaka uchoke. Mdomo wangu huu!

Jumatano, 19 Februari

Mungu wangu. Mungu wangu!

Tumekwenda klabuni. Meneja akasoma makaratasi, akamtazama Codrin, akamuuliza Liang: huyu ni kipa? Liang akasema ndiyo, kipa hodari, video zake anazo. Meneja akacheka mpaka akatafuta kiti. Ligi ya huku haisajili kipa wa kigeni. Beki sawa, kiungo sawa, straika sawa. Kipa lazima awe Mchina. Ni sheria ya miaka mingi, kila mtu wa mpira anaijua — isipokuwa Liang! Kaagiza binadamu kama anavyoagiza jora la kitambaa, hakuuliza hata mtu mmoja.

Na wa kumwambia Codrin ni nani? Mimi. Nilisema taratibu, na Kiingereza chenyewe kikanikimbia. Akaniuliza kama nina hakika nimewaelewa. Nikasema ninayo. Akauliza choo kiko wapi, akakaa huko muda mrefu.

Ijumaa, 21 Februari

Liang hakati tamaa, na hilo ndilo tatizo lake. Amekula na kunywa na kocha wa klabu, wakaja na wazo: Codrin mrefu, straika wao kaumia, basi asajiliwe kama straika! Mechi ya majaribio ni Jumanne. Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa inayofuata. Akimridhisha kocha, anasaini. Asipomridhisha, viza yake inaisha mwezi ujao na kwao hakuna klabu inayomsubiri.

Nilitafsiri huku natazama meza. Nilitaka akatae. Kweli kabisa, nilitaka ainuke aondoke. Akasema, "Waambie nitacheza."

Nje nikamuuliza kama amewahi kufunga goli maishani. Moja tu, akiwa mdogo. Alijifunga. Tukacheka pale kwenye kituo cha basi mpaka nikaona macho yake yamekuwa mekundu, nikaacha.

Jumapili, 23 Februari

Nimempeleka kwa Jaffari. Mtu wa Dar, anasafirisha vitambaa, na Jumapili ndiye straika wa timu yetu ya Wabongo. Tumbo hilo! Ila kufunga anajua. Nilimweleza yote, akanisikiliza, akasema haya mambo ya wazimu. Halafu akavua koti akaanza kumfundisha.

Shida ya Codrin ni mikono. Mpira wa juu ukija anaruka vizuri, na mikono nayo inapanda. Kila mara! Jaffari akatoa mfukoni vipande vya sampuli ya kitambaa, akamshikisha kimoja huku, kimoja huku. Ng'ang'ania, usiachie. Ikasaidia. Akaanza kupiga vichwa, vingine vikaingia, Wabongo wakamshangilia kama ndugu yao.

Wakati wa mapumziko Codrin akaviweka vile vitambaa chini, akaenda kusimama golini. Wakampigia, kwa utani kwanza. Halafu utani ukaisha. Watu wazima, wenye familia zao, wakapanga mstari kupiga na hakuna aliyemfunga. Mimi mpira siujui, lakini hata mimi niliona. Alikuwa hana haraka. Mpira unapigwa, yeye kashafika.

Jaffari akaja karibu nami, akaniambia kwa Kiswahili ili Codrin asielewe: "Sesi, huyu ni kipa. Mnamfanya nini huyu mtoto wa watu?"

Nikainama, nikaviokota vile vipande vya kitambaa.

Jumatatu, 24 Februari

Mvua. Kuta za hosteli zinatoka jasho, nguo hazikauki. Nina mtihani Alhamisi na sijasoma hata ukurasa. Nimesali rozari kwa ajili ya goli la mtu. Bibi yangu Bukoba angenicheka.

Jumanne, 25 Februari

Imekwisha.

Kipindi cha kwanza alihangaika, masikini. Anakimbia asikotakiwa, anasimama pasipo na mpira. Lakini alipiga kichwa kimoja kikagonga mwamba! Kocha akapiga makofi. Liang akanishika mkono, akaanza kunipangia siku ya kusaini. Na mimi mjinga nikaamini.

Kipindi cha pili, bila kwa bila, kona ya wapinzani. Kocha akapiga kelele, yule mrefu arudi kukaba. Nikatafsiri, nikampigia kelele na mimi: rudi! Akarudi akasimama karibu kabisa na goli lake. Mpira ukaja juu, unaelekea golini. Nilijua kabla haujafika.

Akaruka juu ya watu wote, akaudaka. Safi kabisa, kifuani. Akatua, akaukumbatia, akawapungia mabeki wapande mbele, kwa sauti kubwa, kwa Kiromania. Hakuna aliyetembea. Ndipo akainamisha kichwa akaona mikono yake imeshika nini.

Penalti. Kadi nyekundu. Wachezaji wa timu zote mbili walicheka, hata mwamuzi. Nilitamani niwatukane kwa lugha zote ninazozijua. Codrin akaweka mpira chini polepole, kwenye nukta ya penalti, akatoka. Kwenye teksi nilimshika mkono na akauacha niushike.

Jumatano, 26 Februari

Niko hotelini kwake, Liuhua, kwenye kiti cha korido. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Liang kanipigia mchana, kafurahi ajabu. Kocha kaitazama video ya ule mpira aliodaka Codrin, kairudia na kuirudia kwenye simu. Klabu inamtaka! Mkataba wa miaka miwili. Kazi: kuwapigia mipira makipa wao wa Kichina mazoezini na kuwafundisha kutoka golini kona ikipigwa. Basi. Mechi hatacheza, na mkataba unamkataza kucheza popote pengine, hata na sisi Jumapili. Nikasema laobani, ana miaka ishirini na mbili. Akasema ndiyo, bahati iliyoje kupata kazi ya ukocha mapema hivyo! Ajibu leo.

Nikaja. Nikagonga. Akafungua hajanyoa, begi liko kitandani limefungwa nusu. Nikaanza: klabu wanakutaka, kuna mkataba wa miaka miwili. Nilikuwa naenda kumalizia. Naapa nilikuwa naenda kumalizia! Akaninyanyua juu kama mtoto, akanizungusha, akaniweka chini, akachukua simu kumpigia mama yake. Nikatoka, nikasema nimpe nafasi.

Namsikia humo ndani. Kiromania sikijui lakini kicheko nakijua. Mama mtu analia, na yeye anambembeleza huku anacheka. Liang ameshanitumia ujumbe tena. Sijibu.

Mlango unafunguka. Ananinyooshea simu — mama yake anataka kunishukuru.